Kijidudu cha Uani kwa Fundi Baiskeli

Jambo la kwanza ambalo wageni wa maabara ile huligundua kuhusu Dokta ni kwamba hubisha hodi kwenye kabati. Si kabati la nguo. Ni lile la joto, lenye mlango wa kioo, linaloatamia sahani za bakteria kama kuku aatamiavyo mayai. Hugonga kwa kidole kilichokunjwa, husema "hodi wenyewe" kwa sauti ya chini, ndipo hufungua. Wanafunzi wapya hutazamana wakibana kicheko. Baada ya muda nao huanza kubisha, na hakuna anayejua aliambukizwa lini.

Ni mwanamke wa makamo, mfupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Hana mume wala mtoto, na ni mtoto pekee kwa baba yake, fundi baiskeli mstaafu ambaye kustaafu kwake ni kwa mdomo tu. Kila Jumapili Dokta humkuta kibarazani na spana mkononi, akipapasa magurudumu ya watu, kwa maana macho yake yameanza kuingia ukungu na vidole sasa ndivyo vinavyoona.

Kijidudu chenyewe kilitoka uani kwa mzee huyo. Dokta alikuwa akikusanya udongo wa sehemu mbalimbali, na Jumapili moja akachota na wa pale, kwa kijiko cha chai cha baba yake. Mzee alilalamikia kijiko wiki nzima.

Maabara nyingi hutupa sahani zao baada ya siku chache, bakteria wenye haraka wakishaota na kunenepa. Dokta hatupi. Huziacha mpaka ile jeli ya kuoteshea ianze kusinyaa pembeni, kwa sababu anaamini wapo viumbe wenye haya ambao hawatoki mpaka wenye makelele wamalize. Hivyo ndivyo alivyokiona kidoto cha rangi ya chungwa bivu, kidogo kuliko chembe ya sukari, kikiwa peke yake ukingoni mwa sahani.

Alikihamishia kwenye sahani yake chenyewe. Chini ya hadubini akaona vijiti vifupi vyenye mkia. Akalinganisha vinasaba vyake na vya bakteria wote wanaojulikana, akakuta kina mabinamu wa mbali lakini ndugu wa karibu hakina. Ilikuwa spishi mpya. Kazi iliyofuata ilikuwa kuieleza, na kueleza spishi mpya hakutofautiani sana na kumweleza mchumba kwa wazazi: kwao wapi, anakula nini, anavumilia joto kiasi gani, chumvi anaiweza au haiwezi.

Tena lazima ipewe jina. Taratibu za kazi hiyo haziruhusu mgunduzi kuipa jina lake mwenyewe, ila anaweza kumuenzi mtu mwingine. Dokta hakuhitaji kufikiri. Zamani kidogo, akiwa jikoni anaosha vikombe, alimsikia baba yake akimwambia jirani kwa mzaha kwamba jina lake litakwenda kupumzika naye kaburini, maana halina mjukuu wa kulibeba. Wazee wale wawili walicheka. Yeye hakucheka. Alikiosha kikombe kimoja mara tatu.

Alipomweleza habari za jina, mzee aliweka spana chini.

"Mdudu?" akauliza. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Si mdudu, Baba. Ni mdogo zaidi ya mdudu."

"Basi afadhali mdudu. Mdudu hata kuku anamwona." Akafuta mikono kwa tambara. "Anatembea?"

"Anaogelea. Ana kamkia."

"Huyo hakunirithi mimi. Mimi mtoni nilikuwa naishia magotini."

Dokta alidhani yameishia hapo. Jumapili iliyofuata muuza mkate alimsimamisha njiani kumpa pongezi, akamuuliza mtoto anaendeleaje. Kumbe mzee alikwisha kuitangazia mitaa miwili kwamba ana mjukuu, yuko maabara, na amechukua jina lake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Spishi mpya haikubaliwi kwa maneno. Lazima bakteria wenyewe, wakiwa hai, wawekwe katika hifadhi mbili za vijidudu zilizo katika nchi mbili tofauti, ili mtafiti yeyote duniani akitaka kuwaona apewe. Dokta alituma vichupa pamoja na maelekezo ya kuwalisha. Hifadhi zote mbili zilijibu kwa adabu kwamba hakuna kilichoota. Bila hifadhi hakuna spishi, na bila spishi hakuna jina.

Mwenzake katika kazi hii ni fundi maabara mmoja mnene, mcheshi, anayeitwa Mpishi kwa sababu ndiye apikaye vyakula vyote vya bakteria. Mpishi alizisoma barua hizo akatikisa kichwa.

"Mcheza kwao hutunzwa, Dokta. Huyu kaharibiwa na mapenzi ya nyumbani."

Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Pale maabara walimlisha mchuzi wa udongo: udongo wa uani kwa mzee, uliochemshwa na kuchujwa. Kwa ajili ya hifadhi waliandika upishi mwingine, safi, wa unga uliopimwa na maji yasiyo na kitu, kwa kuwa huwezi kuwaambia watu wa ng'ambo wachote udongo uani kwa baba yako. Upishi huo waliujaribu, na kijidudu kiliota. Kosa lao ni kwamba walijaribu kizazi kimoja tu. Waliporudia sasa, wakakihamisha kutoka sahani safi hadi sahani safi nyingine, kizazi cha pili kilidhoofika na cha tatu hakikuonekana kabisa. Kile cha kwanza kilikuwa kimeishi kwa akiba ya tumboni tu, kama mwanafunzi wa bweni anayekula vitafunio vya nyumbani.

Basi udongo wa uani ulikuwa na kitu. Kitu gani? Walijaribu udongo wa bustani ya chuo, kikagoma. Walijaribu hamira na vitamini. Mpishi akashuku grisi ya minyororo, wakajaribu hata hiyo, sahani zikanuka gereji na Dokta akaomba radhi kwenye kabati. Kila Jumapili mzee aliuliza kama mjukuu hajambo. Kila Jumapili Dokta alijibu kuwa hajambo, na jibu lile likazidi kuwa zito mdomoni.

Jumapili moja mzee aliangusha gololi za ekseli. Hakuinama kuzitafuta. Alitoa sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kamba, akaiburuta uani taratibu kama anayemtembeza mbuzi, kisha akaivuta juu. Gololi zilikuwa zimenasa. Lakini Dokta hakuziangalia gololi. Aliangalia ndevu zilizoota kwenye ile sumaku, ndevu nyekundu na nyeusi za vumbi la chuma, kutu ya miaka arobaini ya kusugua, kukata na kutoboa.

"Baba," alisema, "naomba hizo ndevu."

"Chukua. Ila kijiko changu uache."

Mpishi alipika sahani zenye chuma kwa viwango mbalimbali. Penye kidogo hapakuota kitu, penye kingi jeli iliganda ikawa kama matope, na katikati vikatokea vidoto vya rangi ya chungwa. Safari hii hawakuamini kizazi cha kwanza, wala cha pili. Walihamisha tena na tena mpaka Mpishi akadai ameshalea ukoo. Kisha wakatuma vichupa upya, na upishi mpya.

Jumapili ile Dokta alimweleza baba yake ukweli wote: kwamba mjukuu hakuwa hajambo siku zote zile, na kwamba huenda jina lisipatikane. Mzee hakukasirika. Alisema alikwisha kujua, maana sauti ya mwanawe anaijua tangu haijawa na maneno.

Hifadhi ya kwanza imejibu: ameota, yu hai. Ya pili imeandika kwamba itafungua sahani zake leo asubuhi, na itatuma ujumbe papo hapo.

Dokta hakuweza kukaa maabara. Yuko kibarazani tangu mapema, na Mpishi amemfuata akiwa na mkate kwapani, akisema amekuja kuangalia baiskeli ambayo hana. Simu iko juu ya benchi la kazi, katikati ya spoki. Muuza mkate amepita mara mbili bila kuuza kitu.

"Wakisema hajaamka?" mzee anauliza.

"Tutatuma tena, Baba."

"Haya." Anasogeza kigoda karibu na benchi, anapapasa mpaka vidole vyake vinaigusa simu, anaviacha hapo juu yake. "Ikitikisika nitaijua kabla yenu."

Dokta na Mpishi wanautazama ule mkono.