Viatu Vyeusi kwenye Saa za Wanawake

Wakala aliyetusajili alitupanga mstari katika ukumbi wa kukodi mjini Kitale, akatupima kimo mmoja mmoja, na alipofika kwangu akacheka. "Wewe ungeenda kama dereva," akasema. Wengine wakacheka pia. Mimi ni mrefu, mabega yangu ni mapana, na miguu yangu imekuwa mikubwa tangu utotoni. Niliyazoea maneno hayo, lakini sikuyapenda. Nikamwambia kama ana kazi ya dereva aniandike. Akapita kwa aliyenifuata. Miaka ile kila mtaa wa kwetu ulikuwa na msichana anayejiandaa kwenda Saudia, na mawakala hawakuwa na muda wa kubishana na mtu.

Nilipelekwa Jeddah, kwenye nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Al-Hamra. Madam alinipa sare ya rangi ya waridi iliyonifika magotini, na ndara ambazo visigino vyangu vilibaki nje. Sare niliivaa. Ndara nilizirudisha. Nikamwomba dereva wa nyumba, Mkamba mpole kutoka Machakos, aninunulie ndara za kiume akipita madukani Al-Baghdadiyah. Madam alipoziona alisema hizo si za mwanamke. Nikamwambia zinanitosha. Akaenda zake, na mimi nikaendelea kupiga deki.

Kazi yangu kubwa ilikuwa binti yao wa mwisho, mtoto wa miaka tisa. Nilimfundisha kuniita dada, na akaniita hivyo mbele ya kila mtu, hata mbele ya wageni waliotaka kujua neno hilo ni la wapi. Tulizungumza kwa Kiarabu changu cha jikoni na Kiingereza chake cha shule, na mambo yakaenda. Alikuwa mwoga wa vitu vingi: mbwa, lifti, sauti ya blenda. Lakini alipenda sana uwanja wa barafu uliokuwa ndani ya jengo moja la maduka. Kulikuwa na alasiri ambazo uwanja ule ulifungwa kwa mapazia mazito pande zote, wanaume wakatolewa, na wanawake na watoto wakaingia. Ndani ya mapazia abaya zilitundikwa ukutani. Wasichana waliteleza kwa suruali na sweta, nywele wazi, wakipiga kelele kama wanafunzi walioachiliwa mapumziko.

Siku ya kwanza mtoto alikataa kuingia peke yake. Madam alikuwa mezani na rafiki zake wakinywa kahawa. "Ingia naye," akaniambia. "Yalla, mshike mkono."

Kwenye kaunta ya viatu alikuwepo dada mmoja Mfilipino. Mtoto akapewa viatu vyake vyeupe vyenye chuma chembamba chini. Zamu yangu ilipofika, yule dada akaitazama miguu yangu, akatazama rafu, akatikisa kichwa.

"Mafi," akasema. Hakuna. "Vyeupe vinaishia arobaini na moja."

Mimi navaa arobaini na tatu. Nyuma yake, kwenye rafu nyingine, niliona vingine vimepangwa, vyeusi, vikubwa.

"Hivyo je?"

"Hivyo ni vya wanaume. Wanawake wanavaa vyeupe. Ndivyo ilivyo kwenye mchezo huu, dunia nzima."

"Kuna mwanaume humu ndani saa hizi?"

"Hakuna."

"Basi navyo havina kazi. Nipe."

Alicheka kwa kuziba mdomo, akatazama kama msimamizi wake yupo karibu, akanipa. Nilipotoka navyo kwenye barafu wasichana wawili walininyooshea vidole. Mmoja akasema kitu kuhusu mwanaume aliyejificha kwenye sare ya waridi. Kiarabu changu kilitosha kuelewa hilo. Niliinua kichwa nikaenda, nikaanguka kwa makalio, nikainuka, nikaanguka tena. Mtoto alicheka mpaka akasahau kuogopa. Baridi ya mle ndani ilinikumbusha asubuhi za Kitale, na nilipopata kuteleza kidogo tu bila kushika ukuta, mwili wangu mzito ukaenda wenyewe, mwepesi. Sikuwa nimetarajia furaha ya aina hiyo katika nchi ile. Niliichukua yote.

Tuliendelea hivyo miezi mingi. Nikajifunza kusimama, kugeuka, kwenda kinyumenyume. Mtoto naye akajifunza haraka kunipita, na madam akamwandikisha kwa mwalimu, mwanamke wa Kilebanoni aliyekuwa akiandaa onyesho la wasichana la mwisho wa muhula, lenye muziki na mavazi ya bluu. Madam akamnunulia mtoto viatu vyake mwenyewe, vyeupe, vya ngozi, vizuri kwa kweli.

Mtoto akavikataa.

"Nataka vyeusi," akasema. "Kama vya dada."

Madam alidhani ni mzaha. Mwalimu akaeleza kwa subira kwamba ni desturi: kiatu cheupe ni cha msichana, huufanya mguu uonekane mwembamba na mwepesi, cheusi ni cha mvulana, huendana na suruali yake. Akasema waamuzi huko nje huzoea hivyo, na macho ya watu pia huzoea hivyo. Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi, "Kwenu wasichana wanavaa viatu vya rangi gani?"

"Shuleni? Vyeusi," nikamwambia. "Wasichana na wavulana, wote vyeusi. Na waliovaa vyeupe walirudishwa nyumbani."

Ulikuwa ukweli mtupu. Lakini usiku ule mtoto alivisukuma viatu vyeupe chini ya kitanda, na asubuhi madam akaniita sebuleni.

"Wewe ndiye unayemharibu binti yangu," akasema. "Anataka kuwa mvulana."

"Anataka viatu, madam."

"Usinijibu."

"Umeniuliza."

"Sikukuuliza. Nimekwambia."

Sikuinamisha macho. Mtu aliyewahi kufanya kazi kule anajua maana yake. Pasipoti yako iko kwenye kabati la kafili, mwajiri anayekudhamini, ikama yako, kibali cha kuishi, ina jina lake, na macho yako ndiyo kitu pekee unachoamua mwenyewe pa kuyaweka. Nilimtazama usoni. Siku iliyofuata nikaambiwa nifunge nguo zangu; naenda Riyadh kwa dada yake, hadi nitakapojifunza adabu.

Riyadh kulikuwa kukavu na nyumba ilikuwa kubwa zaidi. Dada yake madam alikuwa na binti wa miaka mitano, na baba wa nyumba alipenda kumpeleka kwenye uwanja wa barafu wa huko. Nilipofika mlangoni nilielewa kwamba Jeddah nilikuwa nimebahatika. Pale hapakuwa na mapazia wala saa za wanawake. Wavulana na wanaume waliingia. Wasichana wadogo waliruhusiwa. Mwanamke alisimama nje ya kioo. Rangi ya viatu haikuwa na neno tena, maana mguu wenyewe haukutakiwa.

"Hapa si Jeddah," baba akaniambia, akampeleka mtoto ndani, akamwacha na msimamizi, akaenda kupokea simu. Nikabaki kwenye kioo na abaya yangu, nikimwona yule mdogo akijaribu kushika ukuta. Vijana wakubwa walipita kwa kasi. Mmoja akamgonga bila kukusudia. Akaanguka kifudifudi, na alipoinua uso mdomo ulikuwa na damu. Hakuna aliyesimama. Msimamizi alikuwa upande wa pili akimfunga mtu kamba za viatu.

Niliingia. Nilikanyaga barafu kwa ndara zangu, nimekunja abaya mkononi, nikitembea kwa miguu iliyotanuka kama bata ili nisianguke. Mlinzi wa mlangoni akanifuata kwa sauti tu, maana yeye mwenyewe aliogopa kukanyaga.

"Mamnua. Marufuku. Toka."

Nilimfikia mtoto, nikambeba, nikageuka. Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Wale vijana walioshindwa kusimama kwa ajili ya damu walisimama kwa ajili yangu.

"Nitamwita kafili wako," mlinzi akasema nilipofika kwake.

"Mwite," nikamwambia. "Mwambie mwanawe anatoka damu, na mwambie ni nani aliyemtoa barafuni."

Baba akaja mbio. Akamchukua mtoto, akaufuta mdomo kwa shemagi yake, kile kitambaa cha kichwani, na nilidhani atashukuru. Alimsikiliza mlinzi kwanza. Njiani kurudi hakusema nami, na nyumbani dada yake madam akapiga simu Jeddah mbele yangu. "Mchukueni mtu wenu," akasema. "Halas. Anatutia aibu." Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu wakati huo, mdomo umevimba, ameshika kidole changu.

Basi nikarudishwa kwa kosa lilelile lililonipeleka.

Jeddah nilikuta vita havijaisha. Mtoto alikuwa amegoma kabisa kwenda barafuni tangu niondoke. Onyesho lilikuwa karibu. Madam alikuwa amechoka, na akajaribu njia ya upole. "Wewe anakusikiliza," akaniambia. "Mwambie avae vyeupe."

"Nitamwambia kwamba wewe unataka avae vyeupe."

"Mwambie na wewe unataka."

"Hapana, madam. Hilo ni uongo."

Akaenda dirishani. Mawazo yalinipeleka mtaa wa Karantina, kwa wanawake wa kwetu waliokimbia waajiri wao wakajificha vyumba vya kule bila karatasi. Nilijua jinsi mtu anavyofika huko: neno moja, hasira moja, mlango mmoja. Hata hivyo sikulirudisha neno langu. Mwishowe akasema, "Basi mfungashie vitu vyake. Twende tukaongee na mwalimu."

Nilibeba begi. Tulipofika uwanjani mtoto mwenyewe akaenda kaunta, akaazima vyeusi vya saizi ya watoto, vya wavulana, akavivaa. Mwalimu wa Kilebanoni akamwona, akamjia madam, na hapo ndipo alipokosea. Hakuomba wala hakueleza tena. Alisema kwa sauti, mbele ya akina mama wengine wote, "Mtoto huyu hataingia kwenye onyesho langu namna hii. Mama yake amfundishe kwanza."

Niliuona uso wa madam ukibadilika. Nilikuwa nimeishi nyumbani kwake muda wa kutosha kuujua uso ule. Kwa kawaida ulielekezwa kwangu.

"Amfundishe nini?" akauliza.

"Ni desturi ya mchezo."

"Binti yangu atavaa ninachotaka mimi," madam akasema. "Na mimi nataka vyeusi."

Sikucheka. Niliinama nikaanza kufunga kamba za mtoto, maana nilijua nikicheka kila kitu kitaharibika.

Siku ya onyesho walimweka mstari wa nyuma, mwisho kabisa, ili asionekane sana. Ikawa kinyume. Kati ya miguu yote myeupe iliyokuwa ikiyeyuka kwenye barafu nyeupe, miguu yake ndiyo pekee uliyoweza kuifuata vizuri, kila hatua, kila kona. Aliteleza vizuri, si kuliko wote, ila bila woga hata kidogo. Bibi yake aliyekuja kutazama alikuwa akiuliza wanawake waliokaa karibu, "Mmemwona yule wangu?" na wote walikuwa wamemwona.

Jioni ile madam alinikuta jikoni. "Usidhani umeshinda," akaniambia. "Ulinikosea heshima. Niombe radhi."

"Kwa lipi, madam?"

"Unajua."

"Kama ningejua ningeomba."

Alisubiri. Nami nikasubiri. Kisha akachukua glasi yake ya maji akaenda, na hakuniuliza tena, ingawa kwa wiki kadhaa aliniongelesha kwa vidole tu: hiki, kile, pale. Nilifanya kazi yangu yote, na kila alasiri ya wanawake niliingia barafuni na mtoto wake. Mkataba ulipokwisha alitaka niuongeze. Alisema mtoto amenizoea, na akaongeza, akitazama pembeni, kwamba yeye pia. Nikamshukuru, nikakataa. Nilitaka kurudi kwetu, na niliondoka kwa mlango wa mbele nikiwa na begi langu na pasipoti mkononi.

Watu wa kwetu wakisikia nilikuwa Saudia huinamisha vichwa na kungoja nianze kulia. Wanataka habari za kupigwa na kunyimwa chakula. Najua walioyapata hayo, na ninapoulizwa juu yao nasema, bila kupunguza. Lakini yangu ni haya. Nawaambia niliteleza juu ya barafu katika nchi ya jangwa, nimevaa viatu vya wanaume, na nilijua hata kwenda kinyumenyume. Wengi hawaamini. Hilo ni shauri lao.