Kabati Lililoingilia Juu ya Paa

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Mpwapwa, vyombo vya nyumbani vilikuwa na majina ya watu. Sisemi utani, ingawa utani ndio ulionilisha hadi leo. Birika letu lililokosa mfuniko liliitwa Mwalimu, kwa sababu Mama alipewa na mke wa mwalimu wa misheni siku walipohamishwa. Kiti chetu chenye mguu mmoja wa kubandika kiliitwa Mchungaji, na hakuna aliyekikalia kabla ya kukipapasa kwanza, ahakikishe mguu haujaenda safari. Jiwe la kusagia lilikuwa Bibi Kongwa, yaani mama mzazi wa Mama, aliyelisagia mtama maisha yake yote kisha akamwachia bintiye. Kwa hiyo mpita njia asubuhi angeweza kumsikia Mama akiniambia ndani, "Perusi, mtoe Mwalimu motoni, halafu mfukuze huyo kuku juu ya Mchungaji," akaenda zake akijiuliza hawa ni watu wa dini gani.

Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa cha mtu mwingine kabla ya kuwa chetu. Baba alikuwa amefariki, na matanga yalipoisha ndugu zake wakakaa kugawana alivyoacha, kama ilivyo desturi. Mkuki ulikwenda huku, blanketi kule, ng'ombe wakaenda kwa wenye ng'ombe wenzao. Mama alibakiwa na ngozi ya kulalia, kigoda, kibuyu cha maziwa kilichoshonwa pale kilipopasuka, na sisi wawili, mimi na mdogo wangu Petro. Halafu ikabaki hoja ya mwisho, nani amrithi Mama mwenyewe. Maana naye alikuwa kwenye mgawo, baada ya mkuki na kabla ya kuku.

Baba Mkubwa Mloli, kaka yake marehemu Baba, ndiye aliyestahili kumrithi. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa msomaji amchukie. Alikuwa mpole, mnene, mpenda ugoro, na tayari alikuwa na wake wawili waliomshinda. Lakini aliamini kwa moyo wake wote kwamba nyumba isiyo na mwanaume haina mtu wa kuishikilia. Mama akamwambia kwa adabu kwamba anashukuru sana, ila atakaa kwake na wanawe.

"Shemeji," Baba Mkubwa akasema, "mimi sikulazimishi. Mvua zikianza nitakuja kuangalia. Nyumba ikisimama, kaa. Ikikushinda, unahamia kwangu na watoto na hivyo vyombo vyako."

"Nimekubali, shemeji," Mama akasema.

Kuanzia siku ile Mama alitafuta vyombo kama mtu anayejenga ngome. Alitaka Baba Mkubwa akija akute nyumba iliyojaa, nyumba ambayo ukitaka kuihamisha utachoka kabla ya kuanza. Alikwenda misheni, alikwenda sokoni, alikwenda kwa wanaofunga mizigo. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na Wazungu wa mifugo pale Mpwapwa walikuwa wakija na kuondoka kama zamu. Mmoja wao alipomaliza kazi akarudi kwao Ulaya, vitu vyake vikanunuliwa na Jivan, Mhindi mwenye duka mjini. Vyote vikamtoka Jivan isipokuwa kabati la nguo, la mninga mtupu, pana kama zizi la mbuzi, refu kumpita mtu, na kwenye mlango wake lina kioo cha kumwonyesha mtu tangu utosi hadi kiuno.

"Chukua, mama," Jivan akamwambia Mama, aliyekuwa amempelekea samli ya ng'ombe wa kuazima. "Hii kabati inakaa katikati ya duka langu kama baba mkwe. Lete samli mpaka mavuno, basi, ni yako."

Likaja juu ya mkokoteni wa ng'ombe, nasi watoto wa kijiji kizima tukilifuata nyuma tukijitazama. Wengi wetu hatukuwahi kujiona zaidi ya kwenye maji ya mtungi. Mimi niligundua siku hiyo kwamba nina masikio makubwa, na watu wote walikuwa wakijua ila hawakuniambia.

Lilipofika mlangoni, ndipo mambo yalipoanza. Nyumba yetu ilikuwa tembe kama nyumba zote za Ugogo wa siku zile, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo lililolazwa juu ya boriti, na mlango mfupi wa kumfanya hata mtemi ainame. Kabati halikuinama. Wakalilaza, likakataa. Wakaligeuza ubavu, likakataa. Jirani mmoja akashauri likatwe miguu, Mama akamtazama mpaka akarudi nyuma.

"Kama mlango haumtaki," Mama akasema, "apitie juu."

Alikoroga pombe ya mtama kwa wasioamini na togwa kwa wa misheni, na watu wakaja kumsaidia kazi. Wakaparua udongo wa paa, wakaondoa fito, wakasogeza boriti mbili, wakalishusha kabati kwa kamba za ngozi huku likizunguka taratibu hewani na kioo chake kikimulika jua machoni mwa kila aliyekuwa akitoa amri. Likatua ndani. Lakini lilikuwa limetua penye nguzo ya kati, au tuseme nguzo ya kati ilikuwa imesimama penye kabati. Mafundi wakiwa wameshakunywa cha kutosha, waliona jambo rahisi. Wakaing'oa nguzo, wakalisogeza kabati pale ukutani lilipotakiwa, wakagundua kwamba nguzo sasa hairudi, maana kabati, kwa upana wake, limefika hadi katikati na kula nafasi yake. Wakafunika paa, wakalishindilia udongo, wakaimba. Nguzo ikalazwa nje, ikawa benchi la kuku.

Bibi alipokuja kesho yake, mama yake Baba na Baba Mkubwa, hakuliangalia kabati hata kidogo. Alisimama akiitazama ile nguzo nje.

Nieleze. Kwetu nguzo ya kati haikuwa mti tu. Mwanaume akijenga, humtaja mzee wake aliyetangulia na kumkabidhi nguzo hiyo, amshikilie paa. Baada ya mavuno humwagiwa maji yenye unga wa mtama pale chini, aonje. Nguzo yetu ilikuwa ni Chedego, babu yangu, mume wa Bibi. Na Bibi alikuwa amemkuta mumewe amelala juani, kuku wawili wamemkalia.

"Mkwe," Bibi akasema, "mlimuaga?"

"Hatukumuaga, mama. Hatukufikiri."

"Amebeba paa hili tangu mumeo alipoanza kuota ndevu. Leo mnamtoa bila neno, mnamweka Mzungu. Sasa msikilize. Mvua ya kwanza, ataushusha mzigo wake."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia ng'ombe wako wameingia shambani. Kisha akaingia ndani, akakifunika kile kioo kwa kanga ya Mama, maana kioo na radi havielewani, akaenda zake.

Mama akarudi kwenye moto wake. Alikuwa mtu wa misheni, hakutaka kukubali kwamba mti una mwenyewe. Lakini nilimwona akitazama juu kila akipika. Akitaka kurudisha nguzo, lazima kabati litoke, na likitoka paa livunjwe tena, na mafundi wake sasa walikuwa wakipita mbali kwa kumwogopa Chedego. Akiacha, basi paa likianguka, anahamia kwa Baba Mkubwa. Ndani ya kabati lenyewe tulikuwa tumeshajaza mtama, karanga, na mbegu za mwaka. Ndiyo, kabati la suti za Mzungu lilikuwa ghala letu, na lilifanya kazi nzuri kuliko lilivyofanya kwa Mzungu.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana. Ugogo mvua haibishi hodi. Jua linawaka, unasikia harufu ya vumbi, ukigeuka ni maji. Tukakimbilia ndani. Na nyuma yetu akaingia Bibi, amelowa, anahema, ametoka mbio kutoka kwa Baba Mkubwa.

"Mama, rudi nje," Mama akamwambia. "Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema. Lete kigoda."

Akakiweka kigoda mbele ya kabati, chini ya ile boriti iliyokuwa ikibebwa na nguzo, akakaa. "Huyu mwanaume nilimpikia miaka yote," akasema. "Akitaka kushusha mzigo, aushushe juu yangu tuone."

Hadi leo, nikiulizwa kama nimewahi kumwona shujaa, namwona bibi kizee amekaa kwenye kigoda, maji yanamtiririka shingoni, anatazama juu kama anayemsubiri mtu aliyechelewa chakula.

Udongo wa paa ulikunywa maji ukawa mzito. Boriti ikalia. Mama akatusukuma mimi na Petro pembeni mwa kabati, akamrukia Bibi na kumvuta mkono, na wakati huo huo paa likashuka. Lilishuka kweli, kama Bibi alivyosema. Lakini lilishuka kiasi cha kiganja tu. Boriti kubwa ilikaa juu ya kichwa cha kabati, mninga ukapiga mlio mmoja kama mtu anayejitwika gunia begani, na basi. Tope likamwagika, kanga ikaanguka, Petro akalia. Kabati halikutikisika tena.

Bibi alijipangusa tope usoni. Akalitazama kabati kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, tangu juu hadi chini. Akaenda akaliwekea kiganja.

"Kumbe umehamia hapa," akaliambia. Halafu akamgeukia Mama. "Mkwe, lete unga na maji."

Mama akasita. Kisha akafungua mlango wa kabati, akachota mtama humo humo, akausaga haraka juu ya Bibi Kongwa na kuuletea maji. Bibi akamimina polepole penye miguu ya kabati la yule Mzungu wa mifugo. Mama alisimama karibu naye, ameinamisha kichwa. Sijui alikuwa akimwomba nani, na sikuwahi kumuuliza.

Hapo ndipo Baba Mkubwa alipoingia, ameinama mlangoni, amejifunika gunia.

"Nimesikia kishindo," akasema. "Shemeji, niliwaambia. Nyumba haina nguzo, haina mtu. Fungasheni."

"Mloli," Bibi akasema, "umeingia bila salamu."

"Shikamoo, mama."

"Mimi umeniacha nyumbani asubuhi. Msalimie baba yako. Yuko hapo, amebeba."

Baba Mkubwa alimtazama mama yake, akaitazama boriti, akaona imekaa juu ya kabati. Alikuwa mwana mtii. Akavua gunia, akasogea, akainama mbele ya kabati na kusema, "Mbukwa, baba," kwa salamu ya kwetu. Akainua uso.

Nyumba ilikuwa na giza la mvua. Kioo kilikuwa cha zamani, kina madoa. Na Baba Mkubwa, ambaye sidhani kama alikuwa amewahi kuiona sura yake yote kwa mara moja, alimwona Chedego akimtazama, amelowa, macho mekundu, ndevu zimeanza mvi. Mdomo ulimbakia wazi, na wa babu pia. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikashindwa.

Alirudi nyuma taratibu hadi mlangoni. "Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "vyungu vyako vinavujiwa." Akatoka.

Asubuhi yake alikuja na nguzo mpya ya panda begani, aliyoikata mwenyewe, akaisimamisha ubavuni mwa kabati ili mzee apumzike bega. Habari ya kumrithi Mama hakuigusa tena, na Mama akakaa katika nyumba ile, na vyombo vya watu wote, akatulea.

Nikiwa mtu mzima nilimuuliza Bibi kama ile siku alijua kwamba kanga imeanguka.

"Nilijua mwanangu anafanana na nani," akanijibu, akaendelea kuchambua mboga.

Zamani nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha ujanja, na watu walicheka sana. Sasa sina uhakika kwamba ni ujanja. Mtu hakai chini ya paa linaloanguka kwa ujanja. Nafikiri Bibi aliamini kila neno alilosema, tangu la kwanza hadi la mwisho, na alipoona paa limesimama alimpenda mkwewe kiasi cha kumhamisha mumewe.