Breki za Mamu Marcelline

Mamu Marcelline alisimamisha pikapu yake katikati ya soko la Kikula, akateremka, na kabla ya salamu akamwita Banza mwizi. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuuza chokaa karibu na malori yanayonguruma, kwa hiyo soko zima lilisikia. Wauza mihogo waligeuka. Wateja wawili waliokuwa wakimngoja Banza kwenye gereji yake pembeni mwa soko, fundi wa magari wa Marcelline tangu mama huyu alipofiwa na mume, walichukua funguo zao wakaondoka bila kuaga.

"Uliniwekea plakete za zamani! Sikia vile inalia!"

Akapanda tena, akasogeza gari, akakanyaga breki. Gurudumu la mbele la kushoto likasaga, chuma juu ya chuma, mpaka meno yakauma. Plakete ni vile vipande viwili vinavyobana diski ya gurudumu, kimoja kila upande, gari lisimame. Banza alikuwa amezibadilisha karibuni.

"Mamu, weye mwenyewe ulifungua paketi," Banza alisema. "Hatutaingia gereji. Tutafungua hapa hapa, bantu bote ba soko baone."

Nimepita miji mingi ambako neno mwizi hurushwa sokoni kama ganda la ndizi. Hapa Likasi, mji wa migodi wa Kongo, lina uzito wake. Marcelline alizaliwa hapa, lakini babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na alipokuwa msichana familia yake ililala stesheni ikingoja treni, watu wa Kasai walipofukuzwa mjini. Waliitwa wezi wa kazi. Walirudi baadaye, wakiwa na sheria moja ya baba: mtu anayeitwa mgeni lazima awe safi kuliko wenyeji. Ndiyo sababu pikapu inayobeba chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe hung'aa kila asubuhi kama gari la harusi. Huiosha mwenyewe. Hamwamini mtu kwa kazi hiyo.

"Ni jiwe ya Kakontwe!" alipiga kelele Doudou, muuza oili wa jirani. "Rudisha nyuma, itatapika!"

Madereva wa huko hufanya hivyo: kokoto ikinasa gurudumuni, hurudisha gari nyuma kwa nguvu nayo huruka. Marcelline akarudisha. Hakuna kilichoruka.

"Jiwe inalia kila saa," Banza alisema. "Hii inalia tu ukikanyaga. Haiko jiwe."

"Weye fungua, acha kunifundisha!"

Banza akapiga jeki, akatoa gurudumu. Plakete ya nje ilikuwa nene.

"Ekute, kumbe mupya!" Doudou akacheka.

"Na ya ndani?" Marcelline aliinama. Ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa, kimebaki chuma kitupu, na diski imechimbwa mistari. Akasimama, amenyoosha kidole. "Bantu, muone! Alibadilisha moja tu! Mwizi!"

Banza alishika vile vyuma viwili ambavyo breki huteleza juu yake ili ibane pande zote mbili sawasawa. Havikutikisika. Akapiga nyundo, akapiga tena, na chuma kikatoka kimevaa koti jeupe, gumu kama ukuta. Mpira wa kukikinga ulikuwa umepasuka.

"Breki haitelezi tena. Inasukuma upande moja tu, ya ndani inafanya kazi yote mpaka inakufa." Akamwekea kile chuma kiganjani. "Unaosha gari wakati gani, Mamu?"

"Kila jioni."

"Unatoa kwanza vumbi ya chokaa na upepo?"

Marcelline alikwangua ule weupe kwa kucha. Yeye humwambia kila mnunuzi wa chokaa: weka maji kidogo, itashika kama jiwe. Kumbe breki yake mwenyewe aliimwagia ndoo baada ya ndoo.

Watu waliokusanyika wakaanza kutawanyika. Hakukuwa tena na mwizi wa kutazama.

"Munaenda wapi?" Marcelline aliunguruma, sasa amekasirika kuliko alivyokuja. "Niliposema mwizi mulikimbia kuja! Murudi!" Akapanda nyuma ya pikapu, akainua ndoo yake ya kuoshea. "Banza haiko mwizi! Ni hii ndoo njo iliua breki! Ndoo yangu, na kichwa yangu!" Akaitupa chini, ikabingirika hadi kwenye miguu ya Doudou.

"Shuka, Mamu," Banza alisema bila kumwangalia. "Gari iko juu ya jeki."

"Na bale bateja babili?"

"Balienda."

"Njia gani?"

Banza alinyoosha nyundo kuelekea barabara kubwa. Marcelline akashuka, akafunga kitenge vizuri, akaondoka kwa miguu. Alisimama katika kila mlango wa duka akilitaja jina la Banza kwa sauti ileile aliyolichafulia.