Zamu Moja kwa Siku

Mume wangu anacheza vibaya. Huwa namwambia hivyo nikiwa nachambua mbaazi kwenye ungo, yeye amejilaza mkekani na simu yake, ananyakua nyota moja baada ya nyingine. Ni ile michezo ya himaya za angani: unaanza na sayari moja, unajenga meli, unasambaa, halafu unakutana na wengine wanaosambaa kama wewe, na hapo ndipo kazi inapoanza. Ijumaa iliyopita, hapa kwetu Lindi mjini, nilimwona amepeleka meli zote mbali kuteka nyota isiyo na faida yoyote, nyumbani kumebaki wazi. Nikamwambia, "Rudisha meli." Akacheka. Zamu tatu baadaye hakuwa na nyumbani. Akaniuliza, "Wewe haya umejifunzia wapi?" Nikamjibu kwamba mbaazi zinataka maji, nikaenda jikoni.

Miaka tisa ya ndoa sijamwambia. Basi acha nikuambie wewe.

Nimekulia Mingoyo, pale njia panda, barabara moja inakwenda Mtwara na nyingine inapanda Masasi. Kama uliwahi kupita na basi miaka ile, huenda ulinunua korosho za mama yangu. Alizikaanga nyuma ya nyumba kwenye bati lililotobolewa matundu, na mafuta ya maganda yakishika moto moshi mweusi unapanda, unakaba, unaingia kwenye nguo na kwenye wali. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa yale mafuta, havikutakata hata kwa ndimu. Basi likisimama anakimbia na sinia kichwani, mimi nyuma yake na vifuko. Baba tulimzika kabla sijaanza shule, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: Mama, kaka yangu na mimi.

Kaka alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, akawa anashinda kwenye kibanda cha jirani yetu, fundi redio. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, kibanda chake kikinuka waya uliochomewa. Alikuwa na kompyuta moja nene, kioo chake kimebinuka kama tumbo, ya kuingizia watu nyimbo kwenye simu. Mchezo kama huo wa himaya za angani ulikuwa humo humo. Hakuna aliyejua nani aliuweka. Kaka aliukuta, akaufungua, akapotelea humo.

Nilikuwa darasa la tano. Nikitoka shule, nikishafagia uwanja na kuosha masufuria, nakwenda kusimama nyuma ya kiti chake. Maneno yote yalikuwa Kiingereza, yeye ananitafsiria, mengine nadhani alikuwa anabuni. Nyota zake zilikuwa za buluu. Jirani zake walikuwa wekundu. Alipenda kusema, "Dogo, ukiona nyota haina mwenyewe, weka mguu kwanza, mengine baadaye." Na kweli aliweka mguu kila mahali. Alifika nyota kumi na mbili, zimepangana kwa mstari mrefu mwembamba kama barabara ya Masasi. Nilikuwa mtoto lakini niliona kasoro. Mstari mrefu hauna katikati. Adui akikata popote, kila upande unabaki peke yake. Nilimwambia. Akanipiga kofi dogo la kisogoni, la utani, akasema nikamwagilie mchicha.

Msimu wa korosho ulipokuwa unaisha, mabibo yameoza chini ya miti na hewa yote inanuka uchachu, kaka alimwambia Mama kwamba anakwenda Sauzi na wenzake wawili. Watapita Mtwara, watavuka Ruvuma, watakatiza Msumbiji. Mama alilia siku mbili, ya tatu akamfungashia korosho na bisi za mtama. Asubuhi ya kuondoka kaka alinishika mkono mpaka kwa fundi. Wekundu walikuwa wameanza kukusanya meli kwenye mpaka wake.

"Nakuachia," alisema. "Zamu moja kwa siku, usizidishe. Ukienda polepole hivyo, nitakuwa nimerudi kabla hawajafika."

"Na wakifika?"

"Watachelewa. Wewe wacheleweshe tu."

Fundi alikubali. Kila siku baada ya alasiri nilikuwa nasimama mlangoni, "Shikamoo fundi," naye, "Marahaba, pita," ananisogezea kigoda. Nacheza zamu moja, nahifadhi, naondoka.

Kaka alipiga simu mara tatu, kwa simu ya fundi, naye fundi akatuletea nyumbani. Mara ya tatu sauti ilikuwa inakatika, nyuma yake kuna upepo au lori. Aliongea na Mama, kisha akaomba apewe mimi. "Nyota ngapi?" aliuliza. Nikasema kumi na mbili. Akasema, "Safi." Simu ikakatika. Hatukusikia tena sauti yake.

Mwezi wa kwanza bila simu tulisema mtandao. Wa pili tulisema labda simu imeibiwa. Kufika mvua za masika Mama hakuwa anasema kitu. Alikaanga korosho akitazama barabara ya Mtwara, mara mbili akaziunguza sinia zima. Jioni nikirudi ananiuliza, kama vile natoka kumtembelea mtu, "Kwa kaka yako kukoje?"

Nikawa namweleza. Mwanzo nilieleza ili nimchangamshe. Baadaye niliona kwamba haulizi mchezo. Alikuwa ananiuliza kama mwanawe yuko hai.

Wekundu wakaja. Sasa nikuambie kitu ambacho wachezaji wengi hawakijui: kucheza ili ushinde na kucheza ili usiishe ni michezo miwili tofauti. Nilivunja ile meli kubwa ya kaka, aliyojivunia, kwa sababu ilikula zaidi ya ilivyopigana. Niliacha kutafuta silaha mpya, nikajenga kuta. Niliomba amani, wakakubali, nikawapa kila walichotaka, na amani ile ilidumu zamu kumi. Nikajifunza kwamba adui mwenye meli mpakani akisaini mkataba anasubiri tu meli nyingine. Nyota za pembeni niliwahamisha watu wake mapema, nikaziacha tupu. Inauma, lakini ukingoja mpaka zichukuliwe unapoteza nyota na watu pamoja.

Hata hivyo nilikuwa napoteza. Kumi. Nane. Saba. Nikisema saba, Mama hali chakula usiku huo. Nikisema sita, anasali kwa muda mrefu na nasikia kwikwi kwenye sijida. Wazee wa ukoo walikuja wakakaa barazani, wakamwambia kwa upole kwamba sasa tumsomee kijana dua, tumkabidhi kwa Mola wake. Mama akawaambia, "Mwanangu yupo. Dada yake anamwona kila siku." Walinitazama. Nilitaka ardhi inimeze.

Nyota zilipobaki tatu, Mama alianguka njia panda akiwa na sinia. Abiria walishuka kumnyanyua, korosho zimetapakaa lami yote. Alilala siku nne. Alikunywa uji tu, na kwa vijiko. Siku ya tano nilikwenda kwa fundi, nikafungua orodha ya michezo iliyohifadhiwa, nikakuta chini kabisa ule wa asubuhi aliyoondoka kaka. Nyota kumi na mbili, zote za buluu. Fundi alikuwa nyuma yangu, ameshika redio iliyofunguliwa. Aliona nilichofanya. Akageuza uso, akaendelea na redio yake.

Nikakimbia nyumbani. "Mama, zimerudi! Kumi na mbili! Nimezikomboa zote!"

Alinitazama muda mrefu. Kisha akakaa kitandani, akasema, "Nipe kanga yangu."

Siku ile alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Alifua shati la kaka lililobaki, akalipiga pasi ya mkaa. Siku mbili baadaye alinipeleka kulala kwa Bibi, ng'ambo ya barabara, akapanda basi la Mtwara. Alikuwa anakwenda kivukoni, Ruvuma, kumngoja.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa siku zile. Nilikuwa nimemtuma mama yangu mgonjwa kwenye mto wenye viboko kumngoja mtu, kwa sababu ya uongo wangu. Bibi aliuliza kwa nini sili, nikasema tumbo. Sikwenda kwa fundi. Kila basi kutoka Mtwara nilisimama barabarani, na kila lililopita bila Mama nilihesabu kama kosa langu jipya. Niliapa kwamba akirudi nitasema kweli hata akinifukuza.

Alirudi siku ya tisa. Miguu imevimba, ndara moja imefungwa kamba. Hakuwa na mtu. Nilipiga magoti palepale pembeni ya lami, nikasema yote: kwamba zilibaki tatu, kwamba nilirudi nyuma kwenye mchezo wa zamani, kwamba sikukomboa hata moja.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Ulipokuwa unasema ulikuwa unatazama mlango. Nimekuzaa mimi."

"Sasa kwa nini ulikwenda, Mama?"

Alikaa chini kwenye changarawe, kwanza akanyoosha mguu mmoja kisha mwingine. "Nilikuwa nashindwa kuinuka," alisema. "Ukaja na habari njema. Nikasema nitaichukua hivyo hivyo ilivyo, inifikishe mtoni. Nimemuuliza kila aliyevuka. Siku saba. Wanaokwenda na wanaorudi. Hakuna anayemjua."

Kesho yake, baada ya alasiri, alikuja nami kwa fundi. Hakuwahi kukanyaga kile kibanda tangu kaka aondoke. Fundi akampa kiti chake mwenyewe, akatoka nje. Mama akasema, "Fungua ule wa kweli."

Nikaufungua. Nyota tatu za buluu, na wekundu kila upande. Aliweka kidole chake cheusi kwenye kioo, akazigusa moja moja.

"Hapa wakija leo, unafanyaje?"

Nikamweleza. Tunaweza kukusanya kila kitu kwenye moja, tukavuta siku, labda mwezi.

"Na baada ya mwezi?"

Nikamwonyesha wekundu kwa kidole, kila upande.

"Basi bonyeza," alisema. "Usingoje kesho. Bonyeza tu, nipo."

Nikavunja amri ya kaka, nikacheza zamu baada ya zamu. Nyota ya kwanza ilikwenda haraka. Ya pili ilipigana, Mama akawa anashangilia kwa sauti ndogo, "Wapige, wapige," kama mtu anayetazama mpira. Ya tatu ndiyo ilikuwa nyumbani, aliyoanzia kaka. Ilikaa zamu sita. Halafu kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi.

"Yanasemaje?"

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, lakini maneno yale niliyaelewa. Ningeweza kumwambia chochote. "Yanasema amekwisha, Mama."

Alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akaufunika uso kwa kanga, na pale kwenye kiti cha fundi akalia kilio ambacho kilikuwa kimemngoja tangu masika. Fundi alisimama mlangoni, amegeukia barabara, anawazuia wateja. Alhamisi iliyofuata tulimsomea kaka dua. Hatukuwa na kaburi. Wazee walitazama kusini, alikokwenda.

Mama yuko hai, anaona kwa taabu, na akisikia basi bado anageuza kichwa. Fundi alihamia Newala na sijui kama anapumua. Kompyuta iliuzwa vipande. Mabasi siku hizi yanapita njia panda bila kusimama sana, abiria wana soda zao na madirisha hayafunguki, na ule moshi uliotukaba utoto mzima huusikii tena. Korosho zinakaangwa viwandani huko. Watoto wa Mingoyo wana michezo yao kwenye simu, hawahitaji kuomba kigoda kwa mtu.

Sura ya kaka ninayo, kwenye picha moja ya shule. Sauti yake imenitoka. Usiku mwingine naitafuta, nasikia upepo tu wa ile simu ya mwisho. Nikimwona mume wangu anasambaa ovyo kwenye kile kioo kidogo, mkono unaniwasha nimnyang'anye, nimwambie ushike ulichonacho, acha nyota za watu. Halafu nakumbuka kwamba zile siku zote nilizosimama nyuma ya kiti cha kaka, nikihesabu makosa yake, sikumuuliza hata mara moja alikuwa anazitakia nini nyota zote zile.