Saba Mara Nane

Mwezi wa sita nilikwenda Nyabiyonza kumsaidia mama kuvuna kahawa, nikakuta darasa letu la tano limebomolewa. Nilisimama pale kwa muda, yakanijia mambo ambayo sijawahi kumsimulia mtu hadi mwisho.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na utaratibu wake. Aliuliza swali, ukishindwa, mwenzako aliyepata alikuzaba kofi mbele ya wote. Mimi nilikaa dawati moja na binti wa jirani yetu. Tulichota maji pamoja, tukapalilia maharage pamoja migombani, na huko shambani jedwali la kuzidisha alilijua kuliko mimi. Mbele ya mwalimu, ulimi wake uliganda.

"Saba mara nane?"

Akanyamaza. Nikaulizwa mimi. "Hamsini na sita," nikajibu.

"Mpige. Kwa nguvu, au nikupige wewe."

Nikampiga. Hakulia. Kesho yake hakuja shule, wala siku zilizofuata.

Muhula mwingine akaja mwalimu mpya, mama mmoja kutoka Muleba. Huyu alitutoa nje na kamba tukapime shamba la kahawa la shule, tukabishana itaingia miche mingapi, mikono imejaa udongo. Ukikosea alikaa nawe. "Nionyeshe ulivyofikiri," alisema, "tutaona ulipopotea." Nikawa nangoja kipindi chake kama tulivyongoja msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga.

Nikamweleza habari za mwenzangu. Jioni ileile tulikwenda kwao, tukamkuta anaanika buni kwenye mkeka. Alipiga magoti, "Shikamoo mwalimu," kisha akaendelea kusambaza buni.

"Rudi, mwanangu. Kwangu hapigwi mtu."

"Asante, mwalimu. Lakini mimi na hesabu, basi."

Mimi hakunitazama. Mwalimu alirudi nami tena mara mbili. Mara ya mwisho bibi wa mwenzangu akatuambia mjukuu wake ameshavuka kwenda Uganda, kwa shangazi yake.

Sikumwomba msamaha. Nilidhani ningemwomba akirudi. Sasa bibi yake hayupo, palipokuwa na nyumba yao pana migomba ya mtu mwingine, na pale kijijini hakuna anayejua alipo. Mimi nafundisha hesabu Isingiro. Wanafunzi huniuliza kwa nini simharakishi mtoto aliyeulizwa akanyamaza. Nawaambia tumsubiri, kisha nageukia ubao nisionekane uso.