Njia ya Chooni ya Mzee Byabato

Kiharusi kilimkuta mzee Byabato kibanjani kwake, shamba la migomba na kahawa nyuma ya nyumba, Kanoni, msimu wa kuchuma kahawa, kikauchukua mkono wa kulia na mguu wa kulia. Aliporudi kutoka hospitali aliweza kusimama, kuongea kwa taabu, na kukasirika vizuri kabisa.

Shida ilikuwa choo. Mkewe alishafariki, na mwanawe Eliud alishinda Kyerwa akinunua maharage. Mchana kutwa aliyebaki nyumbani ni mkamwana wake, Kemilembe. Na katika ukoo ule mkamwana hamgusi baba mkwe. Hata pale alipoketi hupitii karibu, sembuse kumshika kiuno umpeleke chooni. Ndiyo maana binti wa mzee, Anatolia, alikuja kutoka Rugu, akaacha watoto na shamba kwa mwezi mzima. Mwezi ulipokaribia kwisha akasema wazi: ama baba aweze kwenda mwenyewe, ama waondoke wote kwenda Rugu.

"Nikaishi kwa mtu niliyemwoza binti?" mzee akauliza. "Heri mnirudishe hospitali."

Kemilembe alikuwa akiosha vyombo, akiyasikia yote. Hakutaka mzee aende. Alipoletwa pale kama bibi harusi, hamjui mtu, mzee huyu ndiye aliyemkatia kipande cha ardhi alime maharage yake mwenyewe, bila kuombwa na yeyote. Jambo hilo hakuwahi kumshukuru kwa mdomo. Angeanzia wapi?

Basi akaja Ummy, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ile, kwa pikipiki, matope hadi magotini. Akaizunguka nyumba, akaingia chooni, akatoka.

"Kizingiti kivunjwe," alisema. "Juu ya tundu la choo wekeni kiti. Na kutoka mlangoni hadi kule, miti ya kushikia, upande wa mkono wake mzima."

Jirani yao Gideon, fundi seremala, aliianza kazi siku ileile. Majirani walileta miti ya mkaratusi bila kuhesabiana. Kizingiti kikavunjwa, mahali pake pakawekwa mteremko wa saruji. Kiti cha mbao kikatobolewa katikati, kikapigwa msasa mpaka Gideon mwenyewe akakikalia kuonyesha kwamba hakichomi. Kisha miti ikasimamishwa mkono wa kushoto, kutoka mlangoni, kupita jikoni, hadi chooni.

Siku ya kujaribu walijaa watu uani. Mzee alishika mti, akaburuta mguu, akashika tena. Alipofika mlango wa choo wanawake walipiga vigelegele, na Anatolia kwa furaha akamkimbilia, akamkumbatia, akamshika hadi kwenye kiti chake cha mlangoni. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Kesho yake Anatolia alikwenda sokoni Omurushaka, makusudi, aone kama nyumba itajimudu. Kemilembe aliketi jikoni akimenya ndizi. Akamsikia mzee akitoka, akageuza uso upande wa moto ili asimtazame, akasikia mlango wa choo ukifungwa. Akamenya. Ndizi zikaisha, sufuria ikainjikwa, mvua ikaanza kudondoka, na mzee hajarudi.

"Tata," aliita, kama wanavyomwita baba kwa Kinyambo. "Uko salama?"

"Niko."

"Umeshindwa kutoka?"

"Mimi sijashindwa. Miti ndiyo imeshindwa. Huku kurudi iko upande wa mkono uliokufa."

Kemilembe akashika kichwa. Kweli kabisa! Watu wazima wote wale, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtu akigeuka, kushoto kwake kunageuka pia.

"Rudi kinyumenyume, tata."

"Nikianguka, utaniokota wewe?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

"Muite Gideon," mzee akasema.

"Yuko Omurushaka, anapaua nyumba ya mtu."

Mvua ikaongezeka. Kemilembe akatazama kibanjani, akaona mgomba uliokatwa mkungu juzi, na mti uliokuwa ukiuegemeza bado umesimama bila kazi. Akaukimbilia, akaung'oa. Akaenda karibu na choo, akaupa mlango mgongo, akauweka mti begani, ncha ya nyuma ikagusa ardhi.

"Tata, nimekupa mgongo. Shika huu mti kwa mkono wa kushoto. Mimi nikipiga hatua, nawe piga."

Mlango ukalia. Uzito ukaja begani.

"Twende," sauti ikasema.

Walitembea hivyo kwenye mvua, yeye mbele, mzee nyuma, mti katikati yao. Karibu na jiko Kemilembe akasikia sauti ya kukwama kooni, akadhani mzee analia. Alikuwa akicheka.

"Mama Placidia," alisema, akimwita kwa jina la mjukuu wake, "leo nimekuwa mgomba."

Gideon alipokuja jioni mzee alimsubiri kwa hamu. "Fundi, umenijengea njia ya makaburini! Ya kwenda tu!"

Gideon aliomba radhi huku akijipigapiga paja, na alfajiri alikuwa pale na miti ya safu ya pili. Ummy naye alikuja kukagua. "Kosa ni langu," alisema. "Nilitaja kwenda, nikasahau kurudi." Akasimama kando, mzee akaenda, akarudi, mara tatu, bila mkono wa mtu.

Jumatano Anatolia alifunga mizigo yake tu, ya baba ikabaki. Akiaga alimkumbatia wifi yake kwa muda mrefu, akasema, "Asante kwa kunitunzia baba."

Kemilembe alitaka kusema kwamba mwenye kushukuru ni yeye: amshukuru Ummy na matope yake, Gideon, na kila aliyebeba mti, kwa kuwa mzee amebaki kwake. Nyuma yao mlango wa choo ulifunguka. Wanawake wawili wakatazama chini mpaka mzee alipofika kitini, akaketi, akauliza kama chai ipo.