Mgeni Kwenye Tangi la Pazi

Pazi, fundi friji wa Bweri, ana mambo yake. Ziwa zima liko pale Mwigobero, yeye anafuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo sebuleni, na maji anayachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu. Jirani yake Chacha hachoki kumtania: "Samaki anapanda basi kutoka Dar, na sato tunao hapa hapa!" Pazi hajali. Tangi hilo alilianzisha na marehemu mkewe Mwanaamina, mtu wa Tanga, aliyekuwa hamalizi siku bila kuitaja bahari. Alipofariki, akabaki samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mkorofi huyo, usiseme.

Mwaka jana Pazi alimletea mwenzake. Yule mkorofi alimkimbiza na kumng'ata, siku ya pili maskini akaelea. Pazi alilia, mtu mzima na ndevu zake. Leo asubuhi kaletwa mwingine, na Pazi ameapa: huyu naye akifa, tangi naliuza.

Safari hii hakuwa na papara. Alimweka mgeni kwenye ndoo, akamdondoshea maji ya tangi kwa mpira wa dripu, tone kwa tone, saa nzima. Kisha akazamisha mikono kwenye tangi, akaanza kuhamisha mawe yote.

Raya, mke aliyemuoa miezi minne iliyopita, alikuwa amesimama na taulo. "Mbona unambomolea mwenzio nyumba?"

"Huyu wa zamani akikuta kila kitu pale kilipokuwaga, atajiona mwenye mji. Mgeni hatapata hata kona. Nikihamisha, wote wanaanza upya."

"Kumbe unajua," Raya alisema taratibu. "Mimi sahani zangu ziko kwenye boksi uvunguni tangu nifike."

Pazi akaganda, maji yanamchuruzika viwikoni. Kabati la vyombo la Mwanaamina lilikuwa pale pale ukutani, limefungwa, na ufunguo anao yeye mfukoni. Miezi minne, jamani! Aibu ilimshika, na uchungu juu yake.

Alijifuta mikono, akalifungua. Vikombe akavifunga kwenye gazeti kimoja kimoja, vya kumpelekea Hafidha, binti yake na marehemu, kule Bunda, machozi yanamtoka wala hajifichi. Alipofikia cha mwisho, chenye maua ya bluu, Raya akamshika mkono.

"Hicho kiache, mume wangu. Naye awe na kona yake."

Wakarudi kwenye ndoo, wakamwachia mgeni pamoja. Yule mkorofi alizunguka mawe mara tatu, hajui tena pake ni wapi, na mgeni akajipatia tundu. Raya akaenda kuzitoa sahani zake uvunguni.